Usimfiche Mtoto

Mafundisho kwa wazazi, kwa wagonjwa na kwa wakristo wote



Siku moja nilikwenda kumtazama mzee aliyeumwa mguu katika kijiji karibu na hospitali yetu. Nilipokuwa nikifunga kidonda chake nikasikia sauti nyuma ya ukuta, kama sauti ya mbuzi aliyefungwa. Nikauliza, "Ni nini hiyo?" Watu wa nyumba wakatazama chini. Kiisha nyanya akasema polepole, "Ni mjukuu wangu."

Alikuwa mvulana wa miaka sita. Mguu wake ulifungwa kwa kamba kwenye nguzo ili asiangukie motoni, kwa maana alianguka mara nyingi. Mkono wake wa kuume ulikuwa na kovu la moto mpaka kwenye kiwiko. Hakusema neno. Mama yake alifukuzwa na ukoo wa mume wake, wakisema ameleta mtoto wa uchawi nyumbani. Mara mbili mtoto alipelekwa kwa watu walioahidi kumtoa uchawi kwa maombi. Walimnyima chakula siku tatu, wakampiga.

Sasa nitakuambia jambo la aibu yangu mwenyewe. Nyanya alipoleta kadi yake ya kilo, iliyofungwa katika kitambaa, niliona maandiko ya mkono wangu. Mtoto yule alipokuwa na miezi kumi, mama yake alimleta siku ya kupima kilo, akaniambia, "Munganga, mtoto huyu haketi, na shingo yake ni laini." Watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Nilimtia katika mizani, nikaona kilo zinatosha, nikajibu, "Ngoja tu, mama, wengine hukawia." Akangoja. Miaka mitano ikapita.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Neno langu ni moja: mtoto anayekawia kukua, au anayeanguka kifafa, au asiyesema, usimfiche. Mlete mapema. Kuna msaada, na sehemu kubwa ya msaada huo imo katika mikono ya watu wa nyumbani.

1. Mtoto hukua kwa hatua

Mkulima huangalia mahindi yake. Anajua siku ya kuchipua na wakati wa kutoa mbelewele. Akiona mstari mmoja umekawia, haendi kulala. Huinama na kutazama udongo. Vivyo hivyo mzazi na aangalie hatua za mtoto wake.

Akiwa na miezi 2 au 3, mtoto hutazama uso wa mama na kutabasamu. Kwa miezi 4 hushika shingo yake. Kwa miezi 9 huketi bila kushikwa. Kwa mwaka 1 hugeuka akiitwa jina, na wengi husimama wakishika kiti au mkeka uliokunjwa. Kwa mwaka 1 na nusu hutembea, na kusema maneno machache. Kwa miaka 2 huunga maneno mawili, kama "leta maji" au "mama njoo".

Watoto hawalingani. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata nyuma mwezi mmoja au miwili, na wote ni wazima. Lakini usingoje ukiona mojawapo ya mambo haya: hatua imepita miezi mingi na mtoto hajaifikia, viungo vyake ni vikavu kama kuni, au laini kama kitambaa kilichoroa, hageuki kwa sauti, hakutazami usoni, au alijua jambo, kusema au kutembea, na sasa amelipoteza. Hili la mwisho ni la haraka. Mlete juma lile lile.

2. Jambo hili hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka katika ubongo ulioumia au ambao haukupata kitu ulichohitaji. Angalia sababu hizi, kwa maana nyingi zaweza kuzuiwa.

Wakati wa kuzaliwa. Mtoto asiyepumua mara baada ya kuzaliwa, ubongo wake hukosa hewa. Mkunga aliyefundishwa hujua kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpa pumzi kwa mfuko na kifuniko cha uso katika dakika ya kwanza. Kwa hiyo zalia mahali penye mkunga wa namna hiyo, hata kama mimba zako nne za kwanza zilipita vizuri nyumbani.

Umanjano. Mtoto mchanga akiwa wa manjano siku ya kwanza, au umanjano ukifika viganja na nyayo, ni hatari. Umanjano mwingi huua masikio na kukausha viungo. Kumweka penye jua la asubuhi hakutoshi. Hospitali humweka chini ya taa ya buluu na kupima damu yake.

Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo. Mtoto hupoteza fahamu, kiisha huamka, na watu husema amepona. Lakini katika Kampala, Uganda, waganga waliwapima tena watoto waliopona malaria ya ubongo, wakatoa habari mwaka wa 2008: baada ya miaka miwili, mtoto mmoja hivi katika kila wanne bado alikuwa na shida ya kufikiri au kukumbuka. Kwa hiyo chandarua, dawa ya mapema na chanjo ni ulinzi wa akili pia. Na mtoto aliyepoteza fahamu, mrudishe kwetu baada ya miezi michache tumtazame tena.

Ukosefu wa iodi. Iodi ni kitu kidogo sana kilichomo katika chakula na chumvi. Mama mwenye mimba akikosa iodi, shingo yake hufanya rovu, na mtoto aweza kuzaliwa akiwa kiziwi, mfupi, na mzito wa akili. Katika miaka ya 1960 waganga kutoka Ubelgiji walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Waliona rovu nyingi sana upande wa kaskazini, na haba upande wa kusini-magharibi. Watu ni wa kisiwa kimoja, lakini si udongo mmoja wala chakula kile kile. Wazee wengi hapo zamani walisema ni laana ya ukoo, kumbe ni kitu kilichokosekana katika chungu. Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodi, uifunike vizuri, na kuitia katika sombe mwisho wa kupika.

Muhogo mchungu. Usioloweshwa vya kutosha una sumu. Mwaka wa 1938 munganga Trolli aliandika habari za watu wa Kwango waliokauka miguu kwa ghafula, ugonjwa uitwao konzo. Loweka muhogo mchungu siku tatu kamili, hata wakati wa njaa, na kula pamoja na maharagi au samaki.

Tena kuna watoto waliozaliwa na tofauti bila kosa la mtu yeyote. Mtoto mwenye macho yaliyoinuka pembeni, mwili laini, na mara nyingi mstari mmoja tu katika kiganja, huitwa mtoto wa Down, kwa jina la munganga Mwingereza aliyeeleza habari zake mwaka wa 1866. Mwaka wa 1959 waganga wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walionyesha kwamba ndani ya mwili wa watoto hawa kuna uzi mmoja wa urithi kupita hesabu ya wengine. Mama hakuusokota uzi ule. Lakini mlete mtoto tusikilize moyo wake, kwa maana karibu nusu yao wana ugonjwa wa moyo.

3. Ni nani aliyetenda dhambi?

Neno hili liliulizwa zamani. Wanafunzi walimwona kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua kama dhambi ni yake au ya wazazi wake. Unajua Bwana alijibu namna gani: si yeye, wala si wazazi. Hata hivyo sisi tunaosoma sura ile kila mwaka bado twauliza ulizo lile lile kila tunapomwona mtoto kilema. Twauliza: mama alikwenda wapi usiku? Nani alimlaani? Shangazi yupi ni mchawi?

Wala usifikiri ni watu wa Afrika tu waliowalaumu mama. Mwaka wa 1943, katika mji wa Baltimore, Marekani, munganga Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 waliokaa kama peke yao hata kati ya watu, waliopenda kurudia jambo moja, na wengine wao bila kusema. Ugonjwa huu huitwa otisme, na wengine huuita usonji. Kwa miaka mingi waganga wakubwa wa Marekani na Ulaya walisema ni kosa la mama kuwa na moyo wa baridi. Mama wakalia, wakaona haya. Mwaka wa 1964 Bernard Rimland, ambaye mwana wake mwenyewe alikuwa na otisme, alitoa kitabu kuonyesha kwamba si kosa la mama bali ni namna ubongo ulivyoumbwa. Leo waganga wote hukubali hivyo. Basi wenye masomo makubwa nao walikosea, wakatubu. Sisi nasi tutubu.

Na sheria ya nchi inasema. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inampa mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi kifungo cha mwaka mmoja hata mitatu, pamoja na faini. Mzee wa kanisa, mchungaji, mfumu, baba mdogo: wote wamo chini ya sheria hii.

Labda utaniambia, "Lakini Injili ina habari za kijana aliyeanguka motoni na majini, na Bwana akamfukuza pepo." Ndugu yangu, sitabishana nawe. Ila soma tena polepole. Bwana alimwuliza baba jambo hili lilianza lini. Hilo ndilo ulizo la kwanza ambalo sisi wauguzi twauliza. Kisha akamshika kijana mkono, akamwinua. Hakumfunga kamba, hakumnyima chakula, hakumpiga fimbo, wala hakumfukuza mama yake. Omba, nami nitaomba pamoja nawe. Lakini ombi na lisichukue mahali pa dawa, wala dawa isichukue mahali pa ombi.

4. Kifafa na dege

Mtoto kati ya miezi 6 na miaka 5 aweza kutetemeka mwili wote wakati wa homa kali. Twaita dege. Hiyo peke yake si kifafa. Lakini homa yenye dege katika nchi yetu yaweza kuwa malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, basi mlete siku ile ile. Usingoje kuche.

Kifafa ni kuanguka kunakorudi bila homa. Wengine hawaanguki, hukaza macho kitambo, au kichwa huinama-inama wakati wa kula. Kifafa hakiambukizwi. Mate ya mtoto hayawezi kukupa ugonjwa. Watu wanaoogopa mate humwacha mtoto motoni mpaka ameungua, na huo ndio msiba mkubwa kuliko kifafa chenyewe. Karibu na mito ya maji ya mbio, mahali wanapouma inzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto, wenye kifafa ni wengi zaidi. Imeonekana hivyo katika Ituri. Watu wa huko wasikatae Mectizan inapogawiwa kila mwaka.

Mtoto akianguka, fanya hivi:

Mwondoe penye moto, maji na mawe.
Mlaze kwa ubavu, mate yatoke. Weka nguo laini chini ya kichwa.
Legeza nguo ya shingoni.
Usitie kijiko, mti wala kidole kinywani. Usimpe maji wala dawa mpaka ameamka kabisa. Usimpake mafuta ya taa, wala usimfukize moshi.
Angalia saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuamka, mkimbize hospitali.
Akiamka, kaa karibu naye. Mwambie jina lake na mahali alipo. Usimcheke.

Dawa ya kifafa ipo. Fenobarbitale ilianza kutumika mwaka wa 1912, na hata leo ni dawa ya bei ndogo inayosaidia watu wengi. Kuna nyingine pia, na munganga atachagua ile inayomfaa mtoto. Lakini dawa hizi zina sheria moja kali: kunywa kila siku, na usiache kwa ghafula. Mama hufurahi mtoto akipita miezi mitatu bila kuanguka, anaacha vidonge, na juma lile mtoto huanguka mara kumi, pengine hata kufa. Hata munganga hafikiri kupunguza dawa mpaka mtoto amekaa miaka miwili bila kuanguka, na hapo hupunguza kidogo kidogo. Dawa ikimfanya alale sana au awe mkali, njoo utuambie. Usiitupe chooni.

5. Ukija hospitali, tutafanya nini?

Wengi hawaji kwa sababu ya hofu. Hufikiri tutawakemea, au tutamshika mtoto na kumpeleka mbali. Sivyo.

Kwanza tutaketi na kuuliza. Mimba ilikuwa namna gani? Mtoto alilia mara moja? Alipata ugonjwa gani? Anaweza kufanya nini leo? Tutauliza hasa neno hili la mwisho, kwa maana hatujengi juu ya yale asiyoweza.

Kisha tutamtazama akicheza nawe. Tutapima kichwa, macho na viungo. Tutapima masikio: mmoja wetu atasimama nyuma, mahali mtoto asipoona, na kutikisa kopo lenye maharagi. Wazazi wengi waliotuletea mtoto "mjinga" walikuwa na mtoto kiziwi mwenye akili nzuri. Mtoto wa namna hiyo ahitaji lugha ya mikono na masomo ya viziwi, mapema sana. Mmarekani mweusi Andrew Foster, mhubiri, kiziwi mwenyewe tangu utoto, alianza kazi hii katika Ghana mwaka wa 1957, akafungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, na Kongo pia. Alikufa mwaka wa 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda, akiwa bado katika kazi hiyo.

Kisha tutafanya shauri pamoja. Hospitali nyingine ina mtu wa kunyosha viungo, na mtu aliyejifunza mambo ya akili na huzuni za watoto. Nyingine haina. Lakini tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu limetoa kitabu cha kuwaongoza waganga na wauguzi wasio wa kazi ya akili, waweze kuanza kutunza kifafa, huzuni kubwa na kukawia kwa watoto katika vituo vidogo. Kwa hiyo anza kwenye kituo kilicho karibu nawe, na huko watakuambia kama inafaa kwenda mbali zaidi. Katika Bukavu mabruda wa Kikatoliki waitwao Frères de la Charité walianza hospitali ya Sosame mwaka wa 1994 kwa wagonjwa wa akili, na wanayo kazi ya namna hiyo katika Lubumbashi pia. Msitishwe na jina la kanisa. Mgonjwa ni mgonjwa, na mlango uliofunguliwa kwake, na aingie.

Labda utauliza, "Je, mtoto wangu atapona?" Nitakujibu kwa kweli. Kifafa mara nyingi hunyamaza kwa dawa. Dege la homa hupita. Lakini ubongo ulioumia haushonwi kama nguo, na otisme na Down hazina kidonge. Mtu akikuuzia dawa ya kuponya mambo hayo, ficha franka zako. Kitu tunachotafuta ni hiki: mtoto afanye mwaka huu jambo ambalo hakuweza mwaka jana.

6. Kazi ya nyumbani

Sisi twamwona mtoto saa moja kwa mwezi. Wewe uko naye siku zote. Kwa hiyo dawa kubwa ni yale unayofanya jikoni na uani.

Kulisha. Mketishe, kichwa kiiname mbele kidogo. Mpe uji mzito kwa kijiko kidogo, ngoja ameze. Usimlaze chali na kumimina uji kwa kiganja. Uji huingia katika mapafu, na watoto wengi wenye viungo vikavu hufa kwa kichomi hicho.

Kuketi. Usimwache amelala siku nzima akitazama paa. Fundi aweza kufanya kiti cha mbao chenye ubao pande mbili na meza ndogo mbele. David Werner aliandika kitabu mwaka wa 1987 juu ya vitu vya namna hii, alivyojifunza pamoja na watu wa kijiji kimoja cha Mexico. Wengi wao walikuwa vilema, wakafanya kwa mikono yao viti na magongo kwa ajili ya watoto.

Kusema. Mwambie jina la kila kitu unapofanya kazi: hii sufuria, hili jani, haya maji. Ngoja ajibu, hata kwa macho. Usimpe kila kitu kabla hajaomba.

Kujifunza. Gawa kazi katika vipande vidogo. Kuvaa shati ni kazi nne au tano. Mfundishe ya mwisho kwanza, avute shati chini, nawe umsifu. Akiijua hiyo, ongeza moja. Fimbo haifundishi ubongo ulioumia. Hufundisha woga tu.

Ulinzi. Neno hili ni zito. Mtoto asiyeweza kusema hawezi kushitaki. Watu wabaya wanajua hivyo. Usimwache msichana wala mvulana wa namna hii peke yake na mtu yeyote usiyemjua vema, hata akija na Biblia mkononi.

Wenzake. Usiwafanye ndugu zake watumwa wake, wala usimfiche wanapokuja rafiki zao. Mwaka wa 1951 munganga John Bowlby, aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu, aliandika kwamba mtoto aliyenyimwa mapendo ya mama au ya mtu aliye kama mama huumia rohoni, hata akipewa chakula na kitanda. Kwa hiyo nyumba yako yenye sakafu ya udongo na watu wanaomwita kwa jina ni bora kuliko nyumba kubwa ya wageni.

7. Mtoto aliyeona vita

Tangu mwaka wa 1996 vita vimepita na kurudi mashariki ya Kongo. Watoto wetu wameona mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyasimulia. Mtoto wa namna hii aweza kukojoa kitandani tena akiwa na miaka tisa, kushituka kwa mlango, kukataa masomo, kupigana, au kunyamaza kabisa. Huyu si mkaidi. Roho yake bado inakimbia ingawa miguu imesimama.

Mlaze karibu nawe. Kula, kuoga na kulala kuwe kwa saa zile zile. Mrudishe masomoni na michezoni mapema. Akiuliza baba yuko wapi, usimdanganye. Mwambie kweli kwa maneno machache, umshike. Wengi hupata nafuu hivi. Lakini majuma manne yakipita bila nafuu, au akikataa chakula, au akisema anataka kufa, mlete kwetu mara moja. Usimwambie, "Nyamaza, wengine waliona zaidi."

8. Mama naye

Mama wa mtoto huyu hubeba mizigo miwili: mtoto na maneno ya watu. Tukimwona hali chakula, halali, analia kila siku, au anasema afadhali wafe wote wawili, huo ni ugonjwa nao, na tunao msaada kwa ajili yake. Ninyi baba, msikimbie. Mtoto akija hospitali na baba yake, twajua nusu ya kazi imekwisha. Na ninyi wanawake wa kanisa, msimletee mama huyu mashauri kumi. Mletee kuni. Mchukue mtoto mgongoni saa mbili, naye alale.

Mwisho

Utataka kujua habari za mvulana wa kamba. Anakunywa dawa yake asubuhi na jioni. Zamani alianguka kila siku. Sasa aweza kupita miezi miwili. Mjomba wake alipanda mianzi miwili uani, ya kushika pande zote, na huko alijifunza kutembea bila kuanguka upande. Anafungia kuku jioni, na kuku wakipungua yeye ndiye wa kwanza kujua. Ana maneno matatu: maji, nyanya, na hapana. Mama yake amerudi kukaa kwa nyanya. Ukoo wa baba hawajakuja bado. Kovu la mkono lipo. Kamba ile sasa imefunga mbuzi.

Lakini ile miaka mitano hairudi. Kama ningalimsikiliza mama yule siku ya kilo, mtoto angalianza mianzi yake mapema, na dawa angalipata siku ya kwanza ya kuanguka, kabla ya moto. Tangu siku hiyo, mama akiniambia, "Munganga, mtoto huyu si kama wengine," naweka mizani kando, namtafutia kiti.

Nawe, ukimjua mtoto aliye katika chumba cha nyuma, usipite. Ingia, umsalimu kwa jina lake, na useme na watu wa nyumba juu ya siku ya kuja.

Maulizo ya kujibu nyumbani

Mtoto wa miezi 9 huweza kufanya nini?
Sababu gani tusitie kijiko kinywani mwa mtoto aliyeanguka kifafa?
Mama ameacha dawa ya kifafa kwa sababu mtoto hajaanguka miezi mitatu. Utamwambia nini?
Utapima namna gani masikio ya mtoto asiyesema?
Katika kijiji chako kuna mtoto gani asiyeonekana kanisani wala masomoni? Nani atakwenda kumsalimu juma hili?